Mashine za Salma na Risiti ya Jirani

Mtaa wa Gerezani unaamshwa na grenda za mafundi chuma. Jua halijapanda vizuri juu ya mabati, tayari cheche zinaruka na chuma kinalia. Ukitaka kumsalimia mwenzako wa ng'ambo ya njia, unanyanyua mkono tu. Sauti haifiki.

Katikati ya kelele hizo kuna karakana ya Mzee Abdulswamad. Watu wanamwita Baba Zena. Kazi yake ni kutengeneza mashine za kukamulia miwa. Mashine hizo umeziona. Zina rola mbili za chuma, gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mkono, na sinia la kupokelea juisi.

Mafundi wa mashine hizo wako wengi. Lakini za Baba Zena zina mambo mawili ambayo za wengine hazina. La kwanza, sinia lake limelala kidogo upande mmoja, na pembeni lina mfereji. Juisi haitapakai, inateremka yote mpaka kwenye jagi. La pili, mdomoni pa rola kuna kizuizi cha chuma. Muwa unaingia, kidole hakiingii.

Mambo yote mawili aliyawaza mke wake, Salma. Miaka mingi Salma aliuza juisi ya miwa Mnazi Mmoja. Alijua juisi inapotelea wapi. Alijua pia vidole vya wauzaji vinapotelea wapi. Jioni moja alirudi nyumbani, akavua ushungi, akamwambia mumewe, "Baba Zena, wewe unajua chuma. Mimi najua miwa. Lete hiyo chaki nikuchoree."

Akachora sakafuni. Baba Zena akacheka. Baadaye akaacha kucheka, akachukua rula, akapima.

Tangu siku hiyo kila mashine inayotoka kwenye karakana ile ina kibati kidogo. Baba Zena anakigonga mwenyewe kwa nyundo, herufi moja moja: SALMA – GEREZANI.

Salma sasa hayupo. Alikufa kwa homa ya dengi, mwaka ule mtaro wa nyuma ya nyumba yao ulipoziba. Maji yalisimama. Makopo na matairi mabovu yakajaa maji, mbu wakazaliana. Watu wa mtaa walikwenda kusema kwenye ofisi ya mtaa. Wakaambiwa andikeni. Wakaandika. Wakaambiwa subirini bajeti. Wakubwa wakaja na viatu vya ngozi, wakautazama mtaro kwa mbali, wakapigwa picha, wakaondoka. Mtaro ukabaki. Salma hakubaki.

Baada ya maziko Baba Zena alikwenda ofisi ileile peke yake. Aliyekuwa mezani hakumpa hata kiti. Alimuuliza, "Kwani wewe ni nani? Unalipa kodi gani?" Kama vile mbu anadai risiti kabla ya kuuma.

Baba Zena aligeuka, akatoka. Alirudi nyumbani akamwambia binti yake, Zena, "Watu hawa jina langu hawalipati. Wanitafute kwenye chuma." Akawa hana namba ya mlipakodi. Hana leseni. Hana mashine ya risiti.

"Na mteja akitaka risiti?" Zena aliuliza.

"Bakili si yupo?"

Njia hiyo Kariakoo inajulikana. Inaitwa risiti ya jirani. Wewe huna mashine ya risiti, jirani yako anayo. Mteja wako akidai risiti, unakimbia kwa jirani, anakukatia, unampa chochote. Mteja anaondoka na karatasi, na kila mtu anaona mambo yamekwisha.

Bakili alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, upande wa Kariakoo. Mtu mnene, mcheshi, haishiwi utani. Zena akitokea mlangoni tu, Bakili anasema, "Karibu, binti wa serikali ya mafichoni. Baba anataka kuzaliwa kwenye karatasi leo?"

"Kata risiti, mjomba Bakili. Mteja anasubiri."

"Nakata. Ila siku moja mtakuja kuniambia hata wewe ni binti yangu."

Zena alikuwa akicheka. Baba yake akisimuliwa, naye alikuwa akicheka.

*

Basi akaja mteja kutoka Uganda. Jina lake Angelina. Alikulia Mutukula, pale mpakani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alikuwa ametumwa na chama cha wauza juisi wa Masaka. Wanachama wake wengi walikuwa wanawake, na wawili kati yao walikuwa wamekatwa vidole na mashine mbovu.

Angelina alizungusha gurudumu. Akapitisha muwa. Akainama akatazama juisi inavyoteremka kwenye mfereji.

"Mzee," alisema, "huyu aliyeweka mfereji hapa aliwahi kuuza juisi."

Baba Zena aliupangusa mfereji kwa kitambaa. Grenda ya jirani ikalia, ikanyamaza.

"Aliwahi," alijibu.

"Na hiki cha kuzuia vidole?"

"Ni yeye huyohuyo."

Angelina alichukua mashine chache za kuanzia. Akasema, "Hizi zikifika salama, chama kitaagiza nyingi. Tunataka kila mwanachama awe na yake. Viongozi wamesema wataandika mkataba na fundi mwenyewe. Hawataki dalali. Sasa nipe risiti, mzee. Kwetu bila karatasi siuzi hata kijiko."

"Zena," Baba Zena aliita. "Nenda kwa Bakili."

Zena akaenda, akarudi na risiti. Angelina hakuisoma. Lori lilikuwa linaunguruma, dereva analalamika. Aliikunja akaitia kwenye pochi, akaaga.

*

Simu ilipigwa Baba Zena akiwa anakula wali na maharage.

"Mzee, niko mpakani," alisema Angelina. "Mzigo umezuiwa."

"Umezuiwa na nani? Hao wakubwa wa mpakani wanataka nini? Waambie—"

"Mzee, ngoja. Ninyi mmenipa karatasi gani? Risiti inasema nimenunua vipuri vya pikipiki. Kwenye lori kuna mashine za miwa. Risiti inasema muuzaji ni Bakili. Kibati kinasema Salma wa Gerezani. Jina la mnunuzi limeandikwa 'mteja', jina langu halipo. Afisa ananiuliza, mama, ulinunua nini, kwa nani, na wewe ni nani? Ningemjibu nini?"

Baba Zena aliweka kijiko chini.

Angelina aliendelea. "Chama nimewatumia picha ya risiti. Sasa wanasema, kumbe fundi ni Bakili. Wameshampigia simu. Mzee, mimi niliona mikono yako. Lakini wao wanaona karatasi. Siku ya mkutano wa chama iko karibu. Mkitengeneza mambo kabla ya hapo, sawa. Msipotengeneza, mkataba utakwenda kwa yule aliyeandikwa."

Simu ikakatika. Baba Zena hakumaliza chakula.

Alikwenda kwa Bakili kwa miguu. Alimkuta anapanga taa za pikipiki.

"Bakili, ile risiti ibadilishe. Andika mashine za miwa."

"Haibadilishiki, kaka. Ukishaikata, imeshakwenda kwa wenyewe. Na mashine yangu imepangwa bidhaa zangu. Ina taa, cheni, breki. Haina miwa."

"Na hao watu wa Masaka wamekupigia?"

Bakili alikuna kidevu. "Wamepiga. Wameniita mhandisi." Akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. "Nimewaambia mashine zipo. Usinitazame hivyo. Wewe utazitengeneza, mimi nitaziuza, tutagawana. Au kama hutaki, mafundi Gerezani wapo. Mfereji si wa kuigwa tu?"

"Mfereji ni wa Salma."

"Salma namkumbuka, Mungu amrehemu. Lakini kwenye risiti hayupo, kaka. Na wewe haupo. Mmekataa wenyewe."

Baba Zena alitoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anawalaani wakubwa. Wakubwa wa mpakani, wakubwa wa kodi, wakubwa wa mtaro. Lakini maneno ya Bakili yalimfuata kila hatua, na hapo hakuwa na mkubwa wa kumlaani.

*

Duka la beringi la Mzee Kanubhai lipo kona ya kuingia karakana. Baba Zena hununua beringi hapo tangu ujana. Binti wa Kanubhai anaitwa Rinkal. Anafanya kazi ya hesabu kwenye ofisi moja mjini, Posta, na jioni akishuka kwenye basi la mwendokasi hupitia dukani kumsaidia baba yake kufunga.

Jioni hiyo alimkuta Baba Zena amekaa kwenye kiroba cha beringi kuukuu.

"Shikamoo, Baba Zena."

"Marahaba. Ila leo si ya kweli."

"Kuna nini?"

Akamweleza yote. Kanubhai alikuwa anasikiliza huku anafunga kufuli. Mwisho akasema, "Huyu nimemwambia miaka yote. Swamad, chukua mashine ya risiti. Yeye ananitukania wakubwa mpaka chai inapoa."

"Baba, ngoja," Rinkal alisema. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Baba Zena. "Mzee wangu, unajua ankara ni nini?"

"Karatasi ya kudaiwa."

"Ankara inasema mambo manne. Nani kauza. Nani kanunua. Kitu gani. Kwa bei gani. Zamani ilikuwa karatasi tu, inakaa kwenye droo. Siku hizi nchi nyingi zimeifanya iende kwenye kompyuta ya serikali palepale inapokatwa. Hapa kwetu ni ile mashine ya risiti, EFD. Ile alama ya miraba midogo chini ya risiti, ukiipiga kwa simu, inakuonyesha risiti kama ilivyoandikwa kule. Ndiyo maana Bakili hawezi kuibadilisha. Karatasi aliyokupa ni kivuli. Yenyewe imeshafika."

"Sawa. Hiyo ni Bongo. Uganda inawahusu nini?"

"Kila nchi ina mtambo wake. Kenya wanauita eTIMS. Rwanda EBM. Zambia wana wa kwao. Uganda wanauita EFRIS. Mitambo hii haisomani yenyewe kwa yenyewe. Risiti yako haitaruka kutoka Gerezani ikatua Masaka."

"Kumbe. Sasa kama haisomani, shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba watu wanaisomanisha kwa karatasi. Sikiliza. Angelina akiingiza mzigo, karatasi za forodha ndizo zinaingiza mzigo huo kwenye stoku yake, ndani ya mtambo wa Uganda. Karatasi zikisema vipuri vya pikipiki, mtambo unajua Angelina ana vipuri vya pikipiki. Akitaka kumuuzia mwanachama mashine ya miwa na kumkatia ankara, mtambo unamwambia, mama, mashine ya miwa huna."

"Wakati anaitazama kwa macho."

"Anaitazama kwa macho."

Kanubhai alicheka mpaka akakohoa. Baba Zena naye akatabasamu, kidogo.

"Na huko Ulaya, kwa kaka yako?" aliuliza. Alimjua Dhruv tangu anatembea na nepi. Sasa Dhruv ana duka la jumla la viungo Ubelgiji.

"Huko wana mtandao unaitwa Peppol. Huo umeunganisha nchi nyingi. Wewe una laini ya kampuni hii, mimi nina laini ya kampuni ile. Ukinitumia hela kwa simu, zinafika, si ndiyo?"

"Zinafika. Wanakata, lakini zinafika."

"Peppol ni hivyohivyo. Muuzaji ana wakala wake, mnunuzi ana wakala wake, na mawakala wamekubaliana namna moja ya kuandika ankara. Dhruv anaituma kutoka kompyuta yake, inaingia kwenye kompyuta ya mteja. Tangu Januari mwaka huu, Ubelgiji wafanyabiashara karibu wote wanaouziana lazima watumiane hivyo. Karatasi haitoshi tena. Na India, kwa shangazi yangu, kampuni kubwa haipeleki ankara kwa mteja mpaka ipewe namba na mtambo wa serikali. Dunia inakwenda huko, Baba Zena. Siku moja na mitambo ya kwetu huenda ikaongea. Ila popote utakapokwenda, jambo la kwanza ni lilelile. Aliyeuza ndiye aandikwe. Alichouza ndicho kiandikwe."

Baba Zena alitazama viganja vyake. Vilikuwa na makovu ya cheche.

"Mimi nilisema jina langu hawalipati. Wewe unajua kwa nini."

"Najua. Mama Zena alikuwa akinipa juisi ya bure nikitoka shule." Rinkal alisogeza kigoda karibu. "Lakini nikuambie kitu usinikasirikie. Wale uliotaka kuwakomoa hawajui kama haupo. Hakuna hata mmoja aliyekosa usingizi. Aliyefichwa ni Mama Zena. Mashine yake inavuka mpaka inaitwa cheni ya pikipiki."

Kanubhai akaufungua tena mlango aliokuwa ameufunga, bila sababu.

"Nifanye nini?" Baba Zena aliuliza mwisho.

*

Kesho yake Rinkal aliomba ruhusa kazini. Walianza kwa Bakili.

"Mjomba Bakili," alisema Rinkal, "unajua kumkatia mtu risiti ya mali ambayo hukuiuza ni kosa?"

"Tunasaidiana tu, dada. Kariakoo nzima inasaidiana."

"Kwenye mtambo inaonekana wewe umeuza mzigo wa pesa nyingi. Siku wakija kukagua, watakuuliza kodi ya mauzo hayo. Utawaonyesha stoku gani?"

Bakili aliacha kutafuna karanga. "Hilo sikuliwaza."

"Na wakikwambia, mhandisi, tuonyeshe karakana yako?" aliuliza Baba Zena.

"Kaka, usianze."

"Twende ofisi ya kodi ukatoe taarifa rasmi kwamba risiti ile ilikuwa makosa," Rinkal alisema. "Ukweli wote. Usikate nyingine juu yake. Ukienda mwenyewe ni kosa la kusahihishwa. Wakikukuta wao, ni jambo jingine."

Bakili alivaa viatu.

Baba Zena alikuwa amejiandaa kwa ofisi ya kodi kama mtu anayekwenda vitani. Njiani alipanga maneno. Alipanga la mtaro, la bajeti, la viatu vya ngozi. Dirishani walimkuta dada mmoja anaitwa Sofia.

"Shikamoo, mzee. Karibu, kaa."

Baba Zena alitazama kiti. Akakaa. Maneno aliyoyapanga yakakosa pa kutokea.

Sofia alimsikiliza Bakili, akaandika taarifa yake, akamweleza kwamba mauzo yale yatachunguzwa na asirudie. Kisha akamgeukia Baba Zena. Akaomba kitambulisho cha taifa. Akaomba alama za vidole. Vidole vya Baba Zena vimesuguliwa na chuma, mashine ikavikataa, ikavikataa tena. Sofia akampa kitambaa chenye maji, akamwambia afute taratibu. Mashine ikakubali.

"Nalipa shilingi ngapi?" aliuliza Baba Zena.

"Namba ya mlipakodi haiuzwi, mzee. Akikuomba mtu hela ya namba, huyo tapeli. Kodi utakadiriwa kwa biashara yako, tutakaa tuelewane. Leseni utaifuata manispaa. Mashine ya risiti utanunua kwa wakala aliyeidhinishwa. Sasa niambie, jina la biashara ni lipi? Umeshalisajili?"

Rinkal alijibu kwamba hilo watalisajili kwa simu leoleo. Sofia akashika kalamu.

"Litaitwaje?"

Baba Zena alisafisha koo. Akasema, "Salma."

"Salma tu?"

"Salma, Mashine za Miwa."

Alilisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Watu wa kwenye foleni wakageuka. Hakujali.

*

Haikuwa kazi ya siku moja. Manispaa walimwambia njoo kesho, akaenda kesho, wakamwambia aliyehusika ametoka. Baba Zena akanung'unika mpaka Zena akachoka kusikia. Lakini hakurudi nyuma. Leseni ikapatikana. Mashine ya risiti ikapatikana, ndogo, ya kushika mkononi. Karakana nzima ilikuja kuitazama kama mtoto mchanga.

Rinkal alimfundisha Zena kupanga bidhaa ndani yake. "Usiandike 'bidhaa'. Usiandike 'mashine' peke yake. Andika kitu kama kilivyo."

Zena akaandika: mashine ya kukamulia miwa, ya mkono.

"Mnunuzi, jina lake kamili. Na namba yake ya kodi kama anayo, muulize. Idadi ihesabu kwenye mzigo, usihesabu kwa kumbukumbu. Kabla hujabonyeza, msomee mteja. Ukishabonyeza, imekwenda. Na tarehe ni ya leo, siku unayokata. Usiirudishe nyuma."

"Karatasi yenyewe je?" aliuliza Zena. "Hizi zinafutika. Ya Bakili ya mwaka jana imekuwa nyeupe kabisa."

"Zinafutika kwa joto. Toa nakala, na piga picha kwa simu."

Wakapata pia cheti cha asili ya bidhaa. Hicho kinasema mashine imetengenezwa Tanzania, na kinamsaidia mnunuzi wa nchi jirani kupata unafuu wa ushuru. Yule aliyekitoa alikuja mpaka karakana kuona kama kweli kuna mtu anatengeneza. Baba Zena akawasha grenda mbele yake, hakumuuliza kama anataka.

Mwisho wakaandaa risiti. Zena alisoma kwa sauti, baba yake anafuatisha kwa kidole. Muuzaji: Salma, Mashine za Miwa, Gerezani. Mnunuzi: jina la Angelina, lote. Bidhaa: mashine ya kukamulia miwa.

"Bonyeza," alisema Baba Zena.

Karatasi ikatoka ikilia kama panzi.

Wakaipiga picha, wakamtumia Angelina pamoja na cheti. Baada ya muda simu ikaita. Baba Zena akaweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Mzee, nimepiga ile alama kwa simu yangu. Jina limetokea. Afisa naye amepiga, limetokea. Wametazama kibati, wametazama karatasi, wamenyamaza."

"Wamenyamaza?"

"Wamegonga mhuri. Lori linavuka hivi ninavyoongea."

Kanubhai, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alipiga kofi kwenye paja. Mafundi wa karakana za jirani walizima grenda zao, jambo ambalo Gerezani halitokei hovyo.

Mkutano wa chama cha Masaka ulipofanyika, Angelina alipiga tena. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Mkataba ulikuwa umeandikwa, na jina la fundi lilikuwa Abdulswamad. Stoku imeingia kwenye mtambo wao kwa jina lake halisi, na kila mwanachama anakatiwa ankara ya mashine ya miwa.

"Kuna mama mmoja hapa hana kidole cha shahada," alisema Angelina. "Amepitisha muwa mara nyingi, anajaribu kuona kidole kingine kitaingia. Hakiingii. Anauliza Salma ni nani."

Baba Zena alitazama kibati alichokuwa anakigonga. Alikuwa amefika kwenye herufi ya M.

"Mwambie alikuwa muuza juisi kama yeye," alisema. "Mwambie mchoro ulikuwa wake. Mimi nilifuata chaki."

Siku hizi mafundi wawili wengine wa Gerezani wamechukua namba zao. Bakili hakati tena risiti ya jirani. Ukimwomba, anakutania kwanza, kisha anakuelekeza ofisini. Anakwambia, "Muulizie dada Sofia. Mwambie umetumwa na mhandisi."

*

Mtaa uliitisha mkutano wa wananchi. Baba Zena alikuwa hajahudhuria tangu azike. Siku hiyo alivaa kanzu safi, akakaa kiti cha mbele. Mezani alikuwa yuleyule aliyemnyima kiti, ameongezeka kitambi.

Wakasoma ajenda. Taka, taa, ulinzi. Mtaro hakuutaja mtu. Baba Zena akanyanyua mkono.

"Simama, ujitambulishe," alisema wa mezani, bado anasoma karatasi zake. "Wewe ni nani?"

Zena, aliyekuwa nyuma, alinyoosha shingo aone.

Baba Zena alisimama. Akatoa mfukoni nakala ya risiti, safi, haijakunjwa. Akasogea mpaka mezani, akaiweka juu ya zile karatasi nyingine.

"Nisomee hapo juu," alisema. "Kwa sauti. Wote wasikie."

Mtu yule aliitazama. Akamtazama Baba Zena. Watu walikuwa wanasubiri. Akasoma.

"Salma. Mashine za Miwa. Gerezani."

"Ahsante," alisema Baba Zena. Hakurudi kwenye kiti. "Huyo ndiye anayeuliza. Sasa tuzungumze habari za mtaro."